Nusu Dakika

Ukuta wetu hapa Halifax ni mwembamba
kama ahadi ya mwenye nyumba.
Upande wa pili anaishi Bi Norma Sugden,
mjane, miaka themanini na mmoja, magoti yamegoma,
na juu ya paa lake antena
imeinama kidogo, kama mtu anayetegea umbeya.

Mimi mpira nautazamia simu,
nimeiegemeza kwenye mkebe wa majani ya chai.
Picha hutoka uwanjani, hupanda sijui wapi,
hukatwakatwa kama mchicha,
hupangwa foleni, huungwa tena,
ndipo inifikie, imechoka.
Yeye huipata ingali na umande.

Basi usiku wa kombe huwa hivi:
mshambuliaji wangu yuko katikati ya kiwanja,
hajaamua kulia wala kushoto,
na ng'ambo ya ukuta ndara imeshagonga, pu! pu!
na ajuza anamwita Mungu kwa jina lake.
Nusu dakika nzima
namtazama mtoto wa watu akihangaika
kutimiza jambo lililokwisha.

Shamte, mwanangu, akasema: Mama, ongeza kasi.
Nikaongeza. Pauni saba kila mwezi.
Bi Norma akabaki mbele.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nikabisha hodi na sahani ya visheti.
Rimoti yake ameivisha mfuko wa nailoni,
barua za leseni amezibana kwa saa ya mezani.
Akanisimulia runinga ya kwanza, ile yenye kisogo:
ikileta chenga, Walter alipanda paani na mvua yake,
yeye dirishani akipaza sauti,
Hapo! Umepitiliza! Rudi! Hapo hapo, usipumue!
Walter akasimama juu kule, ameshika chuma,
mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Nikamwambia, kwetu chenga ni punje za mchele zilizovunjika,
ni theluji ya kwenye kioo,
na ni kile winga anachomfanyia beki.
Akacheka hadi nikamletea maji.
Ndipo nikamweleza, kwa aibu kidogo, habari za ndara.
Hakusema kitu. Akachukua kisheti cha pili.

Mechi iliyofuata, kimya.
Nikadhani kalala. Nikadhani, Mungu apishe mbali.
Winga akapiga chenga, beki akakaa chini,
krosi, kichwa, wavu!
Nikaruka, mkebe ukaanguka, majani sakafuni,
na kabla sijamaliza kupiga kelele
ukuta ukajibu:
pu! pu! pu!

Alikuwa nalo muda wote.
Nusu dakika ameliweka goli mdomoni
kama chai ya moto, hatemi, hamezi,
akinisubiri mimi na simu yangu.

Shamte anasema antena zitakuja kuwa viota vya kunguru,
kila kitu kitapita kwenye waya mmoja
na majirani wote tutachelewa pamoja.
Huenda. Sikumjibu.

Nilikuwa nimeshika simu, ujumbe umeandikwa tayari,
GOLI, herufi kubwa, kwa dada yangu Mwanahawa, Tanga,
ambaye bando lake ni la kuungaunga
na picha humfikia dakika mbili nyuma yangu.
Kidole kikasimama hewani.
Nikahesabu, polepole, kwa kutazama majani ya chai,
mpaka yeye akaniandikia kwanza.