Dumu la Jumapili

Lilikuwa la mafuta ya alizeti, lita ishirini,
la njano, kishikio kimeyeyuka kidogo
pale Lechipya alipoliegesha karibu na moto.
Nililisugua kwa majivu na mchanga siku tatu
mpaka harufu ya alizeti ikaniacha,
nikalifunga uzi mwekundu shingoni, nikasema:
hili halitanywesha ndama,
halitatia pombe, haliazimwi hata na dada yangu.
Hili ni la Bwana.

Hakuna askofu aliyeliwekea mkono.
Nililiweka wakfu mimi, Sechela, mfuaji
wa vitambaa vya madhabahu hapa Mvumi,
nikiwa na kanga iliyolowa na magoti yenye vumbi.

Kila Jumamosi, saa tisa za usiku,
nilishuka nalo korongoni.
Kuanzia mwezi wa sita mto wetu ni mchanga mtupu
na maji yake hayapatikani kwa kusimama.
Unapiga magoti. Unafukua kwa kata.
Unazamisha mkono hadi begani,
shavu linalala juu ya mchanga wa baridi
kama la mtu anayesikiliza mlangoni.
Kisha unangoja.
Maji ya mchangani hayaitwi.

Miaka kumi na mmoja nilingoja hivyo,
na nisiseme uongo, alikuwa karibu.
Lakini nilizihesabu safari zangu
kama mwenye duka anavyohesabu madeni,
na deni lilikuwa kubwa, na mdaiwa nilimjua.

Oktoba ile, kabla rimu ya lori haijagongwa
kuwaita watu ibadani,
Mbeleje alisimama uani kwangu.
Mbeleje wa pombe ya mtama, ambaye kanisani
hajaingia tangu azikwe mumewe.
"Mbukwa, Sechela. Mjukuu ameharisha usiku kucha.
Una maji?"

Nikautazama uzi mwekundu.
"Ni ya kanisa," nikasema. "Kuna ubatizo."

Hakubishana. Alilitazama dumu,
akanitazama mimi,
jinsi mtu anavyotazama zahanati iliyofungwa,
akageuka na mtungi wake.

Sikumfuata kwa upendo.
Naliandika hili lisije likapambwa.
Nilimfuata kwa hasira, dumu kichwani,
maji yakinimwagikia mgongoni,
nikimwambia Mungu kwa sauti, njia nzima:
Umenibana. Hukunipa hata nafasi ya kutaka.

Tukachemsha. Chumvi, sukari, kijiko kwa kijiko.
Mtoto alinyoosha mkono akaushika ule uzi,
uzi ukakatika, akalala akiwa ameukamata,
na mimi nikaketi kwenye kigoda cha mama muuza pombe
nikinuka moshi, wakati rimu inagongwa mara ya pili,
na mara ya tatu.

Kasisi Ndahani alibatiza watoto watano
kwa nusu chupa aliyoikuta nyumbani kwake.
Aliniuliza baadaye. Nikasema, yaliisha.
Akaniangalia sana, akasema, haya.

Mtoto alipona. Hicho si kisa changu cha kusimulia;
wengine mwaka ule hawakupona,
na mama zao nao walikuwa wameomba.

Dumu halina uzi sasa.
Limechotea ndama. Limekwenda msibani likarudi na nyufa,
nikaziziba kwa plastiki ya moto.
Jumapili lipo pale pale, chini ya kisima cha ubatizo,
na hakuna anayeweza kusema ni lipi.

Na Jumamosi bado nashuka.
Mkono begani, shavu mchangani.
Siku nyingine hutoka kikombe kimoja cha tope.
Hatua mbili kutoka nilipo, Mbeleje anafukua lake,
anautukana mchanga, anautukana mwezi,
ananiomba kata bila kusema tafadhali.
Nampa.
Sala yangu, siku hizi, inaanzia hapo.