Mwiba wa Changu

Mwaka wa ishirini na tatu wa masikio.
Jumanne, kliniki ya Ganjoni, benchi limejaa
nami najua tayari: nta, nta, usaha,
ushanga wa mtoto, kichwa cha kiberiti,
nta.

Jana niliandika dawa mgonjwa hajaketi.
Nilipatia.
Hilo ndilo lililonitisha.

Mume wangu asema ni uchovu, nichukue likizo.
Nilichukua. Siku kumi kwa shangazi, Kisauni,
nikitazama masikio ya paka.
Mwenzangu Mwachiro amenunua shamba la minazi Msambweni,
asema dawa ni kuwa na kitu kingine.
Sasa anachoka mahali pawili.

Kisha akaja Kadzo, fundi wa kupinda leso,
kiziwi tangu surua ya utotoni.
Nikasoma faili, nikawasha taa yangu,
nikamshika sikio kama nishikavyo kitasa cha mlango wangu.
Akanipiga kofi mkononi. Dogo, la adabu.
Akachukua kalamu yangu mwenyewe, akaandika
nyuma ya fomu ya bima:
Masikio sina haja nayo. Nina mwiba wa changu kooni
tangu chakula cha mchana, jana.

Mwiba ulikuwapo. Mweupe,
mwembamba kama uzi wa kupigia bandi.
Nilipoutoa alicheka, meno yote nje,
mikono yake ikasema jambo refu,
na mimi, bingwa wa masikio,
sikusikia.

Siku hizi kila Jumamosi, saa nane, niko Tudor,
chumba cha chekechea, viti vya watoto,
magoti yamenifika kidevuni.
Mwalimu ni Kadzo.
Vidole hivi vimepita baina ya mshipa na mfupa
pasipotosha punje ya mchele,
havikutetemeka.
Hapa vinagugumia.
Nilitaka kumuuliza, umeamkaje?
Naambiwa nilisema, mbuzi wako ameolewa.
Darasa zima likapiga meza.

Ni miaka mingapi sijachekwa?
Nilikwenda kwa miguu hadi Makupa
nikijisemea kwa mikono, nikikosea, nikirudia,
hata muuza mihogo akanipisha njia.

Sisemi nimepona. Nta bado ni nta.
Jumanne hii pia benchi limejaa,
na wa kwanza ni Mzee Famau, karani mstaafu wa bandari.
Sikio la kushoto lavuma.
Kalamu ikaanza kwenda yenyewe, inaijua njia.
Nikaizuia.

— Lavuma kama nini?

Akanitazama. Hajazoea.

— Kama friji, daktari.
Ile ya dukani kwa marehemu ndugu yangu.

Nikaiweka kalamu chini.

— Ilikuwa ya rangi gani?