Dakika Moja Kabla ya Kuzima

Gari hili lilizaliwa Niigata, limezeekea kwetu,
Invercargill, kusini kabisa ya Nyuzilandi,
ambako mvua haidondoki, inakuja ubavu ubavu.
Redio yake ingali ya huko kwao:
inadaka stesheni moja tu, ya mbio za farasi.
Zilizobaki ni mkwaruzo.

Kwenye fremu ya mlango kuna kibandiko cha oili.
Fundi nisiyemjua aliandika tarehe, kilomita,
na alama moja kama mdudu aliyebanwa kitabuni.
Chini yake baba, kwa herufi zake za kujikunyata:
oili tena. Oili tena. Oili.
Usicheleweshe, Merepeka.

Nimechelewesha.

Tangu Juni linamisi.
Chini ya elfu tatu ni jipole, unaweza kumpakia bibi na keki yake.
Ukikanyaga, sindano ya upepo inapanda, inasita,
inarudi kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni,
na nyuma linatema moshi mweusi kwenye waridi za jirani.

Lachlan wa gereji alifungua boneti, akanusa, akafunga.
"Tabo imekufa," alisema. Dola elfu mbili na mia nane.
Hata spana hakushika.

Mitungi ya injini hii imelala, miwili kwa miwili,
plagi zimejificha ubavuni; kila moja inadai ngozi ya kidole.
Nilizitoa zote nne. Masizi matupu.
Basi mafuta ni mengi na hewa ni haba,
basi hewa inaingia na haifiki,
basi njiani kuna mwizi.

Kopo la pichi, vali ya baiskeli ya Tipene,
pampu ya mguu, sabuni ya vyombo ndani ya chupa ya kunyunyizia.
Mwanangu akakanyaga. Mimi nikalala chini, sikio juu.
Sss, likasema gari, kama mtu anayekanywa kanisani.
Mapovu yakachanua chini ya kipoza hewa:
ufa, urefu wa ukucha.
Na ukuta wake, dola elfu mbili na mia nane.

Ufa ulikuwa pembeni mwa kiraka.
Kipande cha tairi la ndani, kimezungushwa mara tatu,
kikakazwa kwa waya wa uzio wa kondoo.
Fundo la baba. Lilikuwa halijalegea.
Mpira wa kiwandani ndio uliochoka kando yake.

Alikuwa akirudi kutoka machinjioni, giza limeshaingia.
Taa zinazimwa, injini inaendelea.
Anakaa humo. "Mwacheni," mama anasema, sahani mezani.
Mimi dirishani nahesabu pumzi za ekzosi,
naamini hapendi kuingia.

Nilipofika miaka kumi na minne akanieleza:
tabo inazunguka kuliko kitu chochote ukijuacho,
inawaka kama kaa la moto; ukizima ghafla
oili inaungulia humo humo, beringi inakufa.
"Dakika moja inatosha," alisema, akapangusa mikono.

Dakika ni sitini.
Mimi dirishani nilikuwa nafika mia mbili.

Mpira mpya, dola thelathini na nne. Klipu mbili.
Waya nimeutundika kwenye msumari, sijui wa nini.
Jana nimelipeleka hadi njia ya Bluff,
gia ya tatu, sindano ikapanda na haikuomba ruhusa,
mluzi ukatoka chini ya boneti, kiti kikanipokea mgongo,
nikacheka peke yangu kwa sauti ya kijinga.

Sasa niko uani. Taa nimezima.
Tipene amesogeza pazia, midomo yake inatembea.
Mkono uko kwenye ufunguo.
Sitini.
Chai itakuwa imepoa.
Tisini na nne.