Kichomi, Dakika Kumi na Nne

Sanduku limefika na basi la usiku.
Nimelifungua juu ya rundo la suruali
hapa Kibuye, kabla wateja hawajaamka.
Santuri ishirini, nyeusi, nzito kama sinia.
Jaladani tumesimama wanne nyuma ya kiwanda,
macho mekundu ya zamu ya usiku,
nami nimeshika vijiti vya ngoma
kama mtu aliyeambiwa ashike nyoka.

Kikomi kilikuwa kiwanda. Kichomi tulikuwa sisi.
Vumbi la pamba lilitukaa mbavuni,
daktari wa kampuni akaliita homa,
basi tukachukua jina la maumivu yenyewe
tukaliandika kwa rangi ya kupigia chapa marobota.

Nyimbo kumi na moja. Ndefu kuliko zote, dakika mbili.
Vijana wananiuliza kasi ile tulijifunzia wapi.
Simama wewe saa nane
katikati ya mitambo mia ya kufuma,
tuone kama utarudi nyumbani ukipiga rumba.
Ni kweli pia kulikuwa na kaseti.
Onditi aliikuta mfukoni mwa koti la mtumba:
watu wanafoka kwa lugha tusiyoijua,
upande mmoja umeliwa na unyevu.
Tulijifunza ule mwingine.

Studio ya Bwana Jashubhai ilikuwa na mazulia ukutani.
Alitupa saa moja, kati ya kwaya na bendi ya harusi.
Onditi akafoka makato ya mshahara wake
mstari kwa mstari, kama yalivyo kwenye karatasi,
na jumla, na sahihi ya karani.
Sifuna alikata nyuzi mbili akaendelea na nne.
Besi ya Mukhwana ilikuwa ya kanisa,
ilitakiwa irudi kabla ya ibada ya jioni.
Tulipomaliza, mzee alifuta miwani.
"Wanangu, hii sindano haitaivumilia. Itaruka."
Akatoa tepu, akaandika kitu ubavuni mwa boksi.
Hakutuonyesha.

Miaka thelathini na mitatu
niliamini alirekodi kwaya juu yetu.
Tepu ilikuwa ghali, kila mtu alifanya hivyo.
Nikisikia sauti za akina mama redioni
nilitega sikio, nikitafuta
chini ya Haleluya
ngoma zangu.

Onditi tulimzika Seme, mvua ikinyesha,
padri akamwita kijana mpole.
Sifuna ni mzee wa kanisa kule Webuye:
aliniomba nisimtumie nakala,
kisha akapiga simu tena saa sita usiku
kuuliza kama wimbo wa nne umo.
Mukhwana, sijui. Ukisoma hapa, Mukhwana,
kanisa bado linaulizia besi yake.

Halafu akaja Hetal, mjukuu wa Jashubhai,
na picha ya boksi kwenye simu.
Penseli, herufi kubwa za mtu asiyependa kurudia:
MAKOSA. USIFUTE.

Nimekaa na maneno hayo tangu Pasaka.
La kwanza nalielewa.
La pili linaniamsha alfajiri,
nikimwona mzee na rafu zake, mteja mlangoni,
tepu tupu hakuna,
mkono umefika kwenye boksi letu,
umerudi.

Leo Abuto, fundi redio, amepangusa gramafoni
iliyokuwa ikishikilia mlango wake usifungwe na upepo.
Tumeweka. Sindano haikuruka.
Mama wa omena akasimama na karai kichwani:
"Mashine gani hiyo inaharibika?"
Nikafungua kinywa, nikakuta nacheka,
nikakuta sicheki.
Alisubiri wimbo mzima na nusu ya uliofuata,
akasema, "Huyo anayelia alipunjwa pesa ngapi?"
akaenda zake.

Dakika kumi na nne.
Kisha sindano ikabaki kwenye mfereji wa mwisho,
kh, kh, kh,
kama mtambo uliokwishiwa uzi.
Abuto akanyoosha mkono ainue.
Nikamwambia, ngoja.