Pindo la Inchi Tatu

Joho walilokukodisha, Mwanakombo,
lilishonwa na mtu mwenye haraka.
Nililigeuza ndani nje juu ya meza,
nikauvuta mshono wa bega kwa kidole gumba:
uzi umelegea kama wa gunia,
na chini linaburura, litafagia ukumbi mzima.
Mamako akasema, "Wee mzee, hilo si letu.
Jumatatu linarudi."
Nikasema najua.
Nikatunga uzi.

Saa tano usiku, Kibokoni imelala,
isipokuwa paka wa muuza samaki
na taa yangu.

Daftari la vipimo bado limo kwenye saraka.
Kuna wanaume humo waliokwishazikwa,
kuna maharusi ambao sasa ni mabibi,
na ukurasa wa nyuma, kwa penseli, umo wewe:
bega kumi, kiuno ishirini, urefu kumi na sita,
darasa la kwanza.
Mwaka uliofuata nimekata, nimeandika juu yake.
Nimekata tena.
Ukurasa mmoja tu, na mtoto mzima amepita hapo
akaniacha na futi yangu shingoni.

Sketi ya buluu nilikuwa nikiikata ndefu makusudi,
inchi tatu nazikunja ndani, nazificha kama pesa ya kodi.
Kila Januari nafumua moja.
Fundi haoni haya kwa hilo, fundi anaona hesabu.
Lakini jua la Mombasa halifichi siri ya mtu:
palipokunjwa pakabaki buluu mbichi,
mstari juu ya mstari,
na wasichana wa darasa wakikusoma miaka kwenye sketi
kama mabaharia wanavyosoma kina cha maji
kwenye nguzo ya gati.
Siku moja ukaja ukasema,
"Baba, nishonee inayoishia hapa hapa."
Nikanyamaza.
Inayoishia hapa hapa ingetaka nyingine mwakani,
na hiyo ya mwakani sikuwa nayo.

Hukuomba tena.
Ukasoma. Umeme, sumaku, mambo ya waya.
Ukawa unashinda Tudor mpaka giza,
unarudi nguo zinanuka risasi ya kuchomelea.
Mwaka wa tatu ukaifunga mota cherehani hii hii,
kwa bisibisi ya kuazima,
na miguu yangu iliyosukuma pedali miaka thelathini
ikakaa haina kazi,
ikikutazama.

Ijumaa. Hema, viti vya plastiki, jua la saa nne.
Mamako alipiga vigelegele kabla ya wakati,
akampigia mtoto wa watu aitwaye Mwanahalima.
Mama yake huyo akaitikia kwa nguvu zaidi,
tukawa jamaa kabla jina lako halijafika.
Likafika. Msomaji akajikwaa kwenye Bwanaheri,
ikabidi arudie.
Nikamshukuru: mara mbili!
Ukapanda ngazi.
Watu walitazama kofia, walitazama uso.
Mimi, Mungu anisamehe, nilitazama chini:
pindo lilianguka sawasawa,
nusu inchi juu ya kiatu,
halikuyumba.
Halafu ndiyo nikainua macho,
na hapo sikuona vizuri tena.

Kesho nalirudisha mwenyewe.
Umenikuta nalipiga pasi,
umepapasa ndani ya pindo, umecheka:
"Si ungelikata tu, baba? Inchi tatu zote hizi!
Mimi nilishaacha kurefuka."
Najua.
Lakini mwakani litavaliwa na mwingine,
labda mrefu, labda mwana wa fundi kama mimi,
na mkono ukishazoea kuweka akiba
hauulizi mtoto ni wa nani.