Mwongo wa Hadharani

Gari la watu wawili, lake Badi wa Ganjoni,
Mtaliano halali, alokuja bandarini,
Lina vitabu kamili, na hati zi kabatini,
Ila geji ya petroli, ni mwongo wa hadharani.

Husema nusu daima, tangi kavu kama ngozi,
Makupa likasimama, mbele ya lori la nazi,
Twasukuma, twasukuma, kanzu zapasuka nyuzi,
Nao mshale wasema, "Nusu ipo, wapuuzi!"

Shimanzi kwa fundi Nyale, ya pikapu tukapata,
Ya plastiki, si ya kale, kwa kijani inameta,
Lita tano, tano zile, haikuongeza lita,
Makupa tukenda mbele, malori tukayapita.

Mnunuzi toka Nyali, akaja na tochi yake,
Kachungua kwelikweli, "Bandia hii itoke!
Naongeza laki mbili, ya mwanzo muipachike."
Basi mwongo ni asili, mkweli na aondoke.

Badi hakuona kosa, mwongo karudi kitini.
Ya Nyale mpaka sasa, ninayo mwangu mezani,
Yaonyesha tupu hasa, na kweli hamna ndani.
Naye bwana, bila pesa, nilimpa jerikani.