Kofia ya Vitobo Milioni Nne

Al Khoud, Julai. Nje digrii arubaini na saba,
lami inanata viatuni.
Ghorofa ya chini, ndani ya mtungi wa chuma,
tumeshuka hadi chembe ya digrii juu ya sifuri kuu,
baridi ambayo hata anga za mbali hazijaionja.

Naanza na utepe wa gundi. Usicheke.
Nabandika, nabandua, nabandika,
fuwele inachunika kama kitunguu
hadi libaki ganda la atomu tatu.
Juu yake naweka jingine, nalizungusha
digrii tatu na nusu.
Si nne. Si tatu.

Mama alinifunza hili bila kujua.
Bi Shinuna, mshona kofia nyuma ya soko,
sindano mdomoni, Kiswahili cha Wete, bei za Maskati.
Siku moja alilaza kitambaa cha vitobo juu ya mwenziwe,
kikateleza upande kidogo,
yakachomoza maua makubwa
ambayo mkono wa mtu haukuyashona.
"Haya si yangu," alisema, akakinyoosha.

Mimi nayataka hayo hayo.
Kila ua ni kiti, na kitini huketi elektroni.
Volteji ndiyo mkono wangu mlangoni:
naongeza, zinaingia; napunguza, zinatoka.
Majirani arubaini wanaoogopana,
kila mmoja yuko hapa na pale kwa pamoja:
hesabu yao hulemea kompyuta yoyote niijuayo.
Basi hatukokotoi. Tunajenga mtaa wenyewe,
tunawauliza wakazi.

Vipande kumi na vinne vilikufa kwa viputo.
Cha kumi na tano, saa nane usiku,
Muhanna anakoroma juu ya daftari,
kila kiti kikapata mmoja
na mkondo ukagoma.
Njia wazi, taa zawaka, hakuna anayethubutu kuhama.
Nikasogeza volteji unywele mmoja.
Upinzani ukaporomoka,
ukaporomoka,
ukafika sifuri, au ukafika mahali
ambapo waya zangu hazisikii tena.
Sijui bado.

Asubuhi nikamwonyesha Mama picha ya darubini.
Akafuta miwani kwa leso.
"Vitobo vingapi?"
"Milioni nne. Na kofia nzima
inakaa kwenye ncha ya sindano yako, nafasi inabaki."
Hakushangaa. Aliitazama kitambo,
kidole kikitembea juu ya kioo cha simu, safu kwa safu,
kikasimama.
"Na hapa pembeni," akasema, "nani alikuharakisha?"

Nikaivuta picha karibu.
Vilikuwa vimepinda.